Dampo la kisasa linafanyaje kazi? Niulizeni, nimekaa mizani (pia kwa wanaowaza viwanja vya Muriet)

Mzani Mkongwe

Wakuu, salaam.

Kila anayeuliza humu kuhusu viwanja vya upande wa Muriet, hapa Arusha, anapewa majibu mawili tu. Moja: "usinunue, kuna dampo." La pili: "nunua, lile ni la kisasa, halina shida." Wote wawili wanakisia. Mimi nimefanya kazi kwenye dampo la aina hiyo, mkoa mwingine (sitautaja, bado nina washkaji kule), nikaanzia mizani na kumalizia kusimamia eneo la kumwaga. Sasa nimerudi Chuga na muda ninao. Naandika ninachokijua, mwenye swali aulize.

Dampo la kisasa la Muriet limetokana na mradi wa miji ya kimkakati, TSCP, ule wa mkopo wa Benki ya Dunia ulioanza 2010. Kwa mradi huohuo Dodoma wana Chidaya, Mbeya wana Nsalaga, Tanga wana Mpirani. Kanuni ya kazi ni ya zamani: Fresno, California, mwaka 1937 walianza kuchimba mtaro, kumwaga taka, kushindilia na kufunika kwa udongo siku hiyohiyo. Cha kuchekesha, eneo lile la Fresno baadaye liliingia kwenye orodha ya serikali ya Marekani ya maeneo yaliyochafuliwa, kisha 2001 likatangazwa kuwa alama ya kihistoria ya taifa. Walijua kufunika juu, chini hawakuweka kitu.

Na chini ndiko kwenye hela. Taka za kwetu ni maganda ya ndizi, majani ya kabichi, mabaki ya ugali. Zaidi ya nusu ya mzigo wa gari ni kitu kinachooza. Ongeza masika. Maji yanapita katikati ya taka na kutokea chini yakiwa meusi, yamebeba amonia, chumvi na metali. Hayo ndiyo yanayoharibu visima vya watu. Kwa hiyo kila shimo, sisi tunaliita seli, linaanza na udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa (viwango vya Marekani, ambavyo wengi wanaviiga, vinataka sentimita 60). Juu yake inatandazwa laina, plastiki nyeusi ngumu ya milimita 1.5, vipande vinaunganishwa kwa mashine ya joto na mishono inajazwa hewa kuona kama inavuja. Kisha kitambaa kizito cha kuikinga, kokoto, na ndani ya kokoto mabomba yenye matundu. Sakafu yote imelala upande mmoja ili maji yaende kwenye mabwawa ya kutibia. Yakiachwa yasimame juu ya laina zaidi ya sentimita 30, yanaanza kutafuta tundu, na tundu halikosekani.

Mizani sasa. Gari linapimwa likiingia, linapimwa likitoka, tofauti ndiyo taka. Rahisi kwa kusema. Mkandarasi akilipwa kwa tani, tipa linakuja na kifusi chini na taka kidogo juu. Akilipwa kwa tripu, linakuja nusu tupu. Mvua ikinyesha na gari halina turubai, mnapima maji na halmashauri inayalipia. Ndiyo maana mtu wa mizani anayejua kazi hapimi gari kabla hajapanda ngazi kuchungulia, na ndiyo maana madereva hawampendi. Jumatatu baada ya ile Jumamosi ya usafi ya mwisho wa mwezi ndiyo balaa: mitaro yote imezibuliwa, magari yanashusha tope tupu.

Baada ya hapo gari linaelekezwa kumwaga. Ukitaka kujua kama dampo linaendeshwa vizuri, angalia ukubwa wa eneo hilo la kumwaga. Likiwa dogo, magari machache kwa wakati mmoja, kuna mtu anasimamia. Katapila linasambaza, kompakta la magurudumu ya chuma yenye meno linapita mara tatu hadi tano juu ya tabaka lisilozidi nusu mita hivi, jioni udongo wa sentimita 15. Ule udongo unazuia inzi kutoka, mbwa na korongo hawachakuri, mvua inateremka pembeni badala ya kuzama, na cheche ikiwepo inakosa hewa.

Sasa kilichonifanya nifungue uzi. Ujenzi una mfadhili, uendeshaji hauna. Mkopo unalipia laina, mizani na mabwawa. Dizeli ya katapila, udongo wa kufunikia, spea na fundi wa pampu vinatoka kwenye ada ya taka, yaani mimi na wewe. Katapila likilala siku kumi kwa kukosa spea, magari hayaachi kuja. Yanamwaga popote penye nafasi, njia inaziba, mifereji ya mvua inazikwa, na kulirudisha eneo kwenye mstari ni kazi ya miezi.

Mfano uko kwa majirani. Kiteezi ya Kampala ilifunguliwa 1996 kama dampo la kisasa, kwa fedha za Benki ya Dunia hizohizo. Agosti 10, 2024, baada ya mvua kubwa, mlima wa taka uliporomokea nyumba na kuua zaidi ya watu 30. Koshe ya Addis Ababa, Machi 2017, iliua zaidi ya 110, ila Koshe ilikuwa jalala la kumwaga ovyo tangu mwanzo. Mimi inayoninyima usingizi ni Kiteezi, kwa sababu ilianza vizuri.

---

chalii_wa_Mbauda

Chalii yangu umeshusha nondo. Natia nanga.

---

Mama Wawili

Kaka, shukrani kwa somo, ila hapo kwenye ada umenigusa pabaya. Tunalipa! Mtaani kwetu gari linapita likijisikia. Mifuko inakaa getini mpaka mbwa wanaichana, pampasi za watoto wa jirani zinatapakaa mpaka mlangoni kwangu, lakini kijana wa risiti hajawahi kuchelewa hata mwezi mmoja. Leo unaniambia dizeli ya katapila inanitegemea mimi. Hiyo hela inapotelea wapi kabla haijafika huko?

---

Mzani Mkongwe

Mama Wawili, pole, na hasira yako ni ya haki.

Hela ya taka inaliwa zaidi njiani, na simaanishi wizi tu. Kukusanya na kusafirisha kunachukua sehemu kubwa ya bajeti katika miji kama yetu: gari, matairi, vibarua, dizeli ya kutoka Sakina mpaka Muriet na kurudi. Dampo liko mwisho wa foleni, linapata kilichosalia. Mwezi ambao makusanyo yamekuwa mabaya, gari la mtaani litaendelea kutembea kwa sababu wananchi wanaliona. Kinachokatwa ni udongo wa kufunikia, kwa sababu nani anakuja kuangalia?

Cha kufanya: lipa kwa kontroo namba, karatasi ya kuandikwa kwa mkono ikatae. Andika tarehe ambazo gari halikuja. Mkataba wa mkandarasi una siku za kupita kila mtaa, mwombeni mtendaji awasomee kwenye mkutano wa mtaa. Mkienda kina mama kumi na daftari lenye tarehe, mnasikilizwa kuliko mtu mmoja anayelalamika kwenye grupu la WhatsApp.

---

DerevaTipa

Mzani, madereva umetusema sana, na wewe mizani ulikuwa unalala au sijui 😂

Mimi nimebeba taka miaka. Kifusi kipo, sikatai. Lakini sema na barabara ya ndani ya dampo. Masika ikifika tope linameza tairi mpaka kwenye ekseli, unavutwa na katapila lilelile lililotakiwa kushindilia, na nyuma yako magari yamepanga foleni. Dereva anayelipwa kwa tripu akiona foleni hiyo, usiniulize kwa nini unakuta taka zimemwagwa korongoni.

Na nyie wananchi acheni kutuwekea majivu ya moto. Mtu anazima jiko la mkaa usiku, asubuhi anamimina kwenye kiroba anaona yamekufa. Yamekufa wapi! Nimewahi kutoka Sanawari nanyanyua mkono kurudisha salamu kila mtu anayenipungia, kumbe nyuma moshi unafuka.

---

Mzani Mkongwe

Dereva, sisemi kitu kuhusu kulala 😂

Ila la majivu lisomwe mara mbili. Gari lenye moshi haliruhusiwi kumwaga kwenye seli. Linamwaga pembeni, juu ya udongo mtupu, linafunikwa, mnasubiri. Moto ukishaingia ndani ya taka, maji ya zimamoto hayasaidii kama watu wanavyofikiri: yanapitia kwenye nyufa, moto unaendelea kutambaa chini kwa wiki kadhaa, na mmejiongezea maji meusi ya kutibu. Unachofanya ni kuchimba, kutenganisha kilichoungua na kukifukia kwa udongo mwingi. Siku hizi kuna na betri za simu na pawabenki. Meno ya kompakta yakiipasua moja, inawaka hapohapo.

Na barabara ya ndani umesema kweli. Dampo lisilo na njia iliyomwagwa kifusi ya kupita masika ni dampo la miezi sita kwa mwaka.

---

Fizikia Form Four

Mkuu mbona gesi hujaigusa? Tunasikia Ulaya wanatoa umeme kwenye taka. Sisi tunashindwa nini?

---

Mzani Mkongwe

Niliiacha kwa sababu ikiguswa watu wanasahau mengine yote.

Taka zikifunikwa zinaoza bila hewa, na karibu nusu ya gesi inayotoka ni methani, iliyobaki karibu yote ni kaboni dayoksaidi. Methani inapasha dunia joto takribani mara 28 kuliko kaboni dayoksaidi kwa kipimo cha miaka 100. Ikichanganyika na hewa kati ya asilimia 5 na 15, cheche moja inatosha kuilipua, ndiyo maana huruhusiwi kuvuta sigara pale na huwezi kujenga ofisi juu ya seli ya zamani. Kiwango cha chini ni kuweka mabomba ya wima ya kuitoa. Hatua ya juu ni kuivuta kwa feni na kuichoma. Ya juu zaidi ni jenereta.

Afrika imefanyika. Durban, Afrika Kusini, walizalisha umeme kwa gesi ya madampo ya Mariannhill na Bisasar Road. Na sisi tuliwahi kugusa: dampo la Mtoni, Dar, baada ya kufungwa liliwekewa mabomba ya kukusanya gesi na kuichoma. Lakini jenereta inataka gesi nyingi isiyokatika, na gesi haivutiki kwenye dampo lisilofunikwa, inatoroka juu na hewa inaingia. Tumerudi kwenye udongo wa jioni. Anayeanza kukuuzia mradi wa umeme wa taka kabla hajakuonyesha katapila linalotembea, mwache aendelee kuongea.

---

Mwana wa Kiboriloni

Nawasalimu kutoka Moshi, mji msafi Tanzania nzima. Huku ukitupa ganda la muwa barabarani unalipa faini, halafu wapita njia wanakuongezea ya mdomo. Mnajadili dampo wakati mitaro ya Ngarenaro haijazibuliwa?

---

chalii_wa_Mbauda

Wameanza. Mkuu, Moshi nzima inaingia kwenye soko la Kilombero na chenji inabaki. Hata mimi chumbani kwangu ni pasafi, chumba kimoja.

---

Mzani Mkongwe

Moshi heshima yenu mnayo, tuzo za usafi mmezibeba na hakuna anayebisha. Ila mji ukiwa msafi, dampo lake linaelemewa zaidi. Kila kilichofagiliwa mtaani kimeenda mahali. Mji mchafu una dampo "dogo" kwa sababu nusu ya taka ziko mtoni na nyingine zinachomwa uani. Kwa hiyo Mwana wa Kiboriloni, sifa mnazo, na mzigo mnao.

---

Bibi Shamba

Wanangu, mimi nafuga. Ng'ombe wangu nusu ya chakula chao ni maganda ya ndizi na majani ya kabichi ya sokoni. Nikiwahi alfajiri nakuta bado safi. Nikichelewa, yameshachanganywa na nailoni, mawigi na vioo, yote kwenye kizimba kimoja. Hapo hata bure siyataki. Nilichinjisha mtamba mmoja, tumboni tukakuta furushi la plastiki la ukubwa wa kichwa cha mtoto na misumari miwili. Mifuko ile ya rambo serikali iliipiga marufuku tangu Juni 2019, lakini vifungashio vingine bado vimejaa. Kwa nini sokoni pasiwe na mahali pa maganda peke yake?

---

Mzani Mkongwe

Shikamoo Bibi. Umesema kwa maneno machache kuliko mimi.

Mzigo wa soko ndio mbaya kuliko yote ukifika dampo na ndio mzuri kuliko yote ukiwahiwa. Unaoza haraka, ndio unaotoa maji na gesi nyingi, na kompakta linateleza juu yake. Kila tani inayoishia kwa ng'ombe wako au kwenye mbolea ni tani ambayo hatukuisafirisha, hatukuishindilia wala kutibu maji yake. Lakini ni lazima itengwe palepale sokoni. Watu walishajaribu kuchekecha mbolea kutoka taka zilizochanganywa. Unapata udongo wenye vipande vya vioo na betri, hakuna mkulima wa Tengeru atakayeuweka kwenye nyanya. Masoko ndiyo rahisi kuanza nayo: wauzaji wa ndizi wanakaa pamoja, wa kabichi pamoja. Nyumba kwa nyumba ni vita ndefu.

---

Mchambuzi

Mimi naishi kwa kuokota. Chupa za maji, skrepa, maboksi, ndoo za plastiki ngumu. Tupo wengi, wengine kina mama na watoto mgongoni.

Mnaongea mashine na mabomba, sisi hatumo. Wakijenga ukuta na geti tunaambiwa hatutakiwi ndani, tunaingilia nyuma usiku. Kinachotuumiza zaidi ni sindano. Mfuko mweusi unaonekana wa kawaida, unatia mkono, kumbe umetoka zahanati. Ukichomwa unapimwa, unakunywa dawa mwezi mzima, na kazini hurudi.

Mzani, pale ulipokuwa mlitufanyaje?

---

Mzani Mkongwe

Ndugu, nikujibu kwa ukweli: tulianza kwa kuwafukuza na ilishindikana. Mtu anayefukuzwa mchana anakuja usiku, bila taa, kwenye taka ambazo bado zinatulia. Hapo ndipo watu wanapokufa.

Kilichofanya kazi ni kuwasajili kama kikundi, wakapewa buti, glavu na vizibao, na gari la masoko au mitaa likamwaga kwanza kwenye sakafu ya zege pembeni. Wakachambua hapo, kilichobaki kikasukumwa kwenye seli. Juu ya seli, mashine ikiwa inatembea, hakuna mtu wa miguu zaidi ya mwongozaji mwenye bendera. Dereva wa kompakta nyuma haoni kitu, niamini.

Taka za hospitali hazitakiwi kabisa kuingia na taka za nyumbani. Zinatakiwa kuchomwa kwenye tanuru lake. Mwongozaji akikuta sindano, anaandika namba ya gari na gari hilo linafuatiliwa lilikopakia. Sheria ipo, ya mazingira ya 2004, na NEMC, wasimamizi wa mazingira wa taifa, wanayo meno. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kuandika namba ya gari.

---

Mtafuta Kiwanja

Wakuu, mimi ndiye hasa mlengwa. Nimeonyeshwa kiwanja, dampo linaonekana ukisimama kwenye kona. Bei iko chini mno ukilinganisha na Njiro. Dalali anasema dampo linafungwa karibuni, kisha bei itapaa. Pia kuna kisima tayari. Nifanyeje?

---

Mzani Mkongwe

Dada (au kaka, niwie radhi), usiende saa sita mchana. Saa hizo jua kali linapandisha hewa na harufu inaondoka. Nenda alfajiri na nenda usiku, hewa ikiwa imetulia, ndipo utajua unachonunua. Rudi tena siku ya mvua uone maji yanateremkia wapi. Kiwanja kilicho juu ya mteremko na kilicho chini yake ni bidhaa mbili tofauti hata vikiwa umbali uleule.

Kisima kipimwe maabara. Watu wa Arusha tunakimbilia floraidi kwa sababu ya meno ya kahawia, na ni kweli ipo juu sehemu nyingi, lakini hiyo inatoka kwenye miamba ya volkano ya Meru, dampo halihusiki. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Ukitaka kujua kama maji ya dampo yamefika kisimani, omba wapime amonia, kloraidi na uwezo wa maji kupitisha umeme. Dampo lililojengwa vizuri lina visima vyake vya uchunguzi, upande wa juu na wa chini, vinavyopimwa mara kwa mara. Waulize jiji majibu yake, una haki ya kuyaona.

Na hilo la kufungwa. Dampo likifungwa linafunikwa, linapandwa nyasi, lakini ndani linaendelea kuoza. Marekani mwenye dampo anadaiwa kulitunza miaka 30 baada ya kufunga: kuvuta maji, kutoa gesi, kuziba nyufa. Juu yake haijengwi nyumba, labda uwanja au bustani. Kwa hiyo hata likifungwa kesho, kona yako itaendelea kutazama kilima chenye mabomba mpaka watoto wako wamalize chuo. Nenda ofisi ya mipango miji uone mchoro: eneo la kinga la dampo linaishia wapi, na seli inayofuata imepangwa upande gani. Inawezekana imepangwa upande wako.

---

DerevaTipa

Ile seli inayofuata ndiyo swali. Muulize dalali hiyo.

---

Mtafuta Kiwanja

Nimemuuliza. Ameniambia yuko kwenye kikao, atanipigia. Sasa hivi simu haipatikani.